Karai la Maji Mwezi wa Kumi

Habari za jioni, ndugu zangu. Asanteni kwa kuja na vumbi lote hili.

Oktoba huko Ulaya majani yanapukutika na wadudu wanaadimika, ndege wanafunga safari. Sawa. Lakini Dodoma nako mibuyu iko uchi, na mvua yetu, moja tu kwa mwaka, tunaisubiri mpaka karibu na Desemba. Mgeni anafuata nini huku? Itazameni migunga. Huchipua kabla ya tone la kwanza kudondoka, na penye jani changa pana kiwavi. Humo ndimo anamorukaruka kadege fulani ka kijani kilichofifia, kenye uzito wa gramu 10 hivi, yaani karatasi mbili za A4. Kamevuka Sahara.

Zamani Wazungu wengine waliamini mbayuwayu hulala chini ya maziwa wakati wa baridi. Kisha mwaka 1822, huko Klütz, Ujerumani, akapigwa korongo mwenye mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni. Yupo hadi leo, amekaushwa, Chuo Kikuu cha Rostock. Mimi humfikiria yule aliyerusha mkuki: alikosa kitoweo, akawapelekea Wajerumani ushahidi.

Tuje nyumbani. Chini ya mwarobaini wangu nimeweka karai. Mwaka wa kwanza nililijaza hadi ukingoni, nikamkuta chiriku amezama. Siku hizi maji hayazidi vidole viwili, na katikati kuna jiwe la kutua. Saa moja asubuhi anakuja tetere. Mwangalieni anavyokunywa: anazamisha mdomo, anafyonza mfululizo bila kuinua kichwa. Kuku wako hawezi. Yeye huchota, akainua shingo, yakateremka. Kwenzi ndio wasumbufu, wale wa tumbo la rangi ya kutu na mgongo wa buluu inayong'aa. Wanaoga kundi zima, karai linabaki tope.

Na msiwasahau wenyeji kwa kushangilia wageni. Wale kasuku wadogo wenye shingo ya njano asili yao ni Tanzania hii. Nchi za watu wananunuliwa na kufungiwa vizimbani. Sisi wanatupigia kelele mbuyuni bure.

Keshokutwa tunaingia vichakani, saa kumi na mbili na nusu kamili. Nguo za rangi ya udongo, tafadhali, si nyeupe. Darubini ninayo moja, tutapokezana.