Kalamu ya Rais na Bunduki za Marekani: Mbona Hapigi Marufuku Tu?

Haya ndugu zangu, karibuni tena. Kila watu wanapopigwa risasi huku Marekani, swali mnalonitumia ni lile lile: huyo rais ana jeshi, ana manowari, anatikisa nchi za watu huko mbali, anashindwaje kusaini karatasi moja bunduki zikaisha? Jamani, karatasi zinasainiwa. Zimesainiwa nyingi tu. Shida ni kile ambacho karatasi yenyewe inaweza kuamuru.

Amri ya rais huku siyo sheria. Ni bosi anawaambia watumishi wake, sheria iliyopo itekelezeni hivi. Anayetunga sheria ni Bunge lao, Kongresi. Kwa hiyo rais anabaki kuchezea maneno yaliyoandikwa na wengine, mengine kabla hata hajazaliwa: sheria ya 1934 ya bunduki za rashasha, ya 1968 ya kudhibiti silaha, na ile ya Brady ya 1993, iliyoleta ukaguzi wa wanunuzi. Ikumbukeni hiyo ya 1934, tutairudia.

Tuanze dukani, maana ugomvi wote unaanzia pale kaunta. Ukienda duka lenye leseni ya shirikisho unatoa kitambulisho, unajaza fomu namba 4473, kisha muuzaji anapeleka jina lako kwenye mfumo wa FBI wa kukagua historia ya mnunuzi, uitwao NICS, ulioanza kazi Novemba 1998. Majibu ni matatu: uza, usiuze, au subiri. Mara nyingi yanarudi ndani ya dakika chache tu. Lakini ukinunua kwa mtu binafsi wa jimbo lako hilo hilo, sheria ya shirikisho haidai fomu wala ukaguzi. Yako majimbo yanayodai, California ni mojawapo, ila mengine mengi hapana.

Sasa mfanyabiashara ni nani? Kongresi ilijibu mwaka 1986: ni yule ambaye lengo lake kuu ni riziki na faida. Anayeuza bunduki zake mwenyewe kwa kupenda kukusanya tu hahesabiwi. Umeona mlango ulivyoachwa wazi? Mtu anapanga meza kwenye maonyesho ya silaha wikiendi baada ya wikiendi, bunduki ziko ndani ya maboksi ya kiwandani, lebo haijabanduliwa, ukimuuliza anakwambia, "Mimi mpenzi tu, napunguza za nyumbani."

Desemba 2012, pale Newtown, Connecticut, watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa shule ya msingi ya Sandy Hook. Januari 2013 Obama akatangaza hatua 23 za kiutendaji, ila lile jambo kubwa, la kukagua wanaonunua kwenye maonyesho na mtandaoni, lilihitaji Bunge. Aprili Seneti, baraza la juu la Kongresi, ikapiga kura: 54 ndiyo, 46 hapana. Kwa hesabu ya kwetu hapo umeshinda. Kwao zilitakiwa 60, ikafa.

Ndipo Januari 2016 akarudi na kalamu, machozi yakimtoka mbele ya kamera. Mezani aliweka nini? Mwongozo. ATF, idara inayosimamia leseni za silaha, ikaeleza kwamba hakuna idadi maalumu inayokufanya uwe mfanyabiashara. Hata bunduki mbili zinaweza kukutia hatiani kama dalili nyingine zipo: unagawa kadi za biashara, unapokea malipo ya kadi, unauza muda mfupi baada ya kununua, unauza zikiwa mpya kwenye boksi. Leseni yenyewe ni dola 200 kwa miaka mitatu, siyo mlima. Kuuza bila leseni ni kifungo cha hadi miaka mitano na faini ya hadi dola 250,000.

Wapinzani wakapiga kelele kwamba rais kapora kazi ya Bunge. Waungaji mkono wakashangilia kana kwamba mlango umefungwa. Kwa maoni yangu wote walitia chumvi. Mwongozo ule ulirudia yale ambayo mahakama zilikwisha kusema. Neno la sheria halikubadilika hata moja. Lilikuja kubadilika Juni 2022, baada ya mauaji ya shule ya Uvalde, Texas, Kongresi ilipofuta "riziki" ikabakiza kwamba unauza hasa kwa ajili ya faida. Utawala wa Biden ukatunga kanuni juu ya neno hilo jipya Aprili 2024, na mahakama ya shirikisho huko Texas ikaizuia kwa majimbo kadhaa.

Kwangu mimi kipande cha maana zaidi cha mwaka 2016 ni kile ambacho hakikuzungumzwa sana: kuajiri wakaguzi wapya zaidi ya 230 pale FBI. Kwa nini? Kwa sababu ya jibu la "subiri". FBI wakishindwa kukamilisha ukaguzi ndani ya siku tatu za kazi, sheria inamruhusu mwenye duka auze. Siyo lazima, ila anaruhusiwa. Na siku ya kuomba haihesabiwi: ukiomba Jumatatu, zinahesabiwa Jumanne, Jumatano na Alhamisi, Ijumaa unaweza kuondoka na bastola wakati faili lako bado liko wazi mezani kwa mkaguzi.

Ndivyo ilivyotokea kabla ya mauaji ya kanisa la Emanuel mjini Charleston, Juni 2015, walipokufa watu tisa. Mnunuzi, ambaye ndiye muuaji, alikuwa na kesi ya dawa za kulevya ambayo ingemzuia. Kumbukumbu zikaonyesha ofisi ya kaunti nyingine badala ya polisi wa jiji waliomkamata, mkaguzi akauliza asiipate rekodi, siku tatu zikakatika, duka likauza. Wakaguzi zaidi wanaziba sehemu ya tundu hilo. Hizo siku tatu zenyewe rais hawezi kuzigusa, zimo ndani ya sheria ya Brady. Mwaka 2022 Kongresi iliongeza muda hadi siku kumi za kazi, lakini kwa wanunuzi wa chini ya miaka 21 tu, na pale tu rekodi za utotoni zinapohitaji kuchimbwa zaidi.

Sasa turudi 1934. Oktoba 2017 mtu mmoja Las Vegas alifyatulia umati wa tamasha kutoka ghorofani, akitumia kitako maalumu kinachoitwa bampu stoki. Kinafanyaje kazi? Kitako hakikazwi kwenye bunduki, kinateleza. Kidole cha mkono wa kulia kinatulia kwenye kijukwaa chake. Mkono wa kushoto unasukuma bunduki mbele. Risasi ikitoka, bunduki inarudi nyuma, mkono unaisukuma tena, triga (kifyatulio) inakigonga kidole, risasi nyingine, na kuendelea, haraka karibu sawa na rashasha. Utawala wa Trump, naam, Trump, ndio ulioandika kanuni kwamba kifaa hicho ni rashasha, ukakipiga marufuku kuanzia Machi 2019. Juni 2024 Mahakama ya Juu ikaifuta, sita kwa tatu. Hoja yao: sheria inasema rashasha ni inayotoa risasi zaidi ya moja kwa tendo moja la triga, na hapa triga inajirudisha na kugongwa upya kila risasi.

Linganisheni na bunduki za vipande, zile unazoletewa kwenye boksi, unatoboa matundu kadhaa, unaunganisha, unapata bastola isiyo na namba. Kanuni ya Biden ya 2022 ilidai ziwe na namba na mnunuzi akaguliwe. Machi 2025 mahakama ile ile ikaikubali, saba kwa mbili, kwa kuwa sheria ya 1968 yenyewe inataja silaha inayoweza kugeuzwa kwa urahisi ikafyatua risasi. Kalamu ni ya aina moja. Kilichookoa hii na kuiua ile ni maneno ya zamani.

Na kalamu hufutwa kwa kalamu. Ofisi ya kuzuia mauaji ya bunduki iliyofunguliwa Ikulu Septemba 2023 ilifungwa Trump aliporudi, na Februari 2025 akaamuru kanuni za mtangulizi wake zipitiwe upya.

Lakini kuna jambo halisemwi sana kwenye midahalo hii. Mwaka 2021 walikufa kwa risasi watu 48,830, na zaidi ya nusu walijiua wenyewe. Nyingi za bunduki hizo zimo kabatini tayari. Kanuni ya meza za maonyesho haizifikii.

Kwa ndugu mlioko huku au mnaokuja. Wa viza ya muda, wanafunzi mkiwemo, kwa kawaida hamruhusiwi kumiliki silaha. Mwenye kibali halali cha uwindaji ni miongoni mwa wachache wanaoachwa. Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Binamu akikupa hela umnunulie kwa jina lako kwa sababu yeye hana karatasi, kataa: fomu inakuuliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi, na kumnunulia mwingine namna hiyo ni hadi miaka 15 jela. Tena fomu inauliza habari ya bangi. Hata kama jimbo lenu linaiuza dukani mchana kweupe, kwa sheria ya shirikisho mtumiaji hapaswi kuwa na bunduki. Ukiandika "hapana" na wewe unavuta, hapo umeshasema uongo kwenye karatasi ya serikali.