Kabla Hujalipa: Jinsi ya Kukagua Subaru Outback Iliyotumika

Habari zenu watazamaji, karibuni. Gari lililo mbele yangu ni Subaru Outback ya mwaka 2010, stesheni wagoni inayosukuma magurudumu yote manne. Ilianza kazi Japani, ikashushwa bandari ya Dar es Salaam, ikatumika hapa nchini, na sasa mwenyewe anaiuza. Tutaikagua pamoja mwanzo hadi mwisho, ili ukienda kuangalia ya kwako ujue pa kushika.

Swali linalokuja kila mara ni hili: Subaru ni gari la kuaminika? Kwa gari ambalo limeshatumika, swali hilo halitoshi. Chukua Outback mbili za mwaka mmoja, rangi moja, kilomita zilezile. Moja itakupeleka Mbeya na kukurudisha kwa miaka, nyingine italala kwa fundi kabla hujabadilisha jina kwenye kadi. Kinachozitenga ni matunzo, na matunzo huacha alama. Alama hizo ndizo tunazozitafuta leo.

Ila kwanza jiulize kama AWD, yaani huo mfumo wa kusukuma magurudumu yote manne, unaihitaji kweli. Kama safari zako ni Mbezi hadi Posta, na mwisho wa mwaka unakwenda Moshi kwa lami, gari linalosukuma magurudumu ya mbele litakufikisha kwa mafuta kidogo na vipuri vichache. Kama nyumbani ni milimani Lushoto au Makete, ambako masika barabara inakuwa utelezi mtupu, hapo mfumo huu na ule uwazi wa kama sentimita 20 chini ya gari vina thamani. Nasema mapema kwa sababu AWD ina gharama yake, na asiyekuwa tayari kuilipa ndiye anayeiua. Tutalifikia hilo kwenye matairi.

Hatua ya kwanza, soma namba ya chasisi. Herufi tatu za mwanzo zinakwambia mengi kuliko muuzaji. BP9 ni lile umbo la 2003 hadi 2009, injini ya 2.5 iitwayo EJ25, gia boksi otomatiki ya gia nne. BPE ni umbo hilohilo lenye injini ya 3.0, silinda sita. BR9, kama hii hapa, ilianza 2009: injini bado ni EJ25, lakini gia boksi ni CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, ambayo Subaru wanaiita Lineartronic. BRM ilikuja 2012 na injini mpya, FB25. BRF ni ile ya 3.6.

Kwa nini tunajisumbua na herufi? Kwa sababu kila injini ina ugonjwa wake. EJ25 inatumia mkanda wa taimingi na inajulikana kwa kuvuja hedi gasketi, ile iliyo kati ya kichwa cha injini na bloku. FB25 inatumia cheni, hivyo mkanda si hoja tena, lakini za mwanzo zilikula oili kiasi kwamba wamiliki wa Marekani walikwenda mahakamani na kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2016. Za silinda sita nazo ni za cheni na ni imara, ila uwe na mfuko wa mafuta. Kama umechanganyikiwa, fungua boneti: ukiona chujio la oili limekaa juu, mbele yako kabisa, hiyo ni FB. Kwenye EJ lipo chini.

Hatua ya pili, njoo asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Mwambie muuzaji tangu jana asiliwashe. Ukifika, kabla ya salamu hazijaisha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini, na kama jibu halieleweki, panga siku nyingine. Injini iliyopashwa moto huficha mlio wa kuwaka, huficha moshi, na hukuzuia kufungua rejeta kwa usalama.

Sasa injini ni ya baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe yamejaa na yawe na rangi safi, ya kijani au ya bluu kutegemea toleo. Ukikuta maji matupu ya bomba, yenye kutu, jua kwamba mtu alikuwa anaongeza tu bila kuuliza yanakwenda wapi. Angalia na tangi dogo la akiba: likiwa na utando mweusi wa mafuta, hapo simama. Chomoa kijiti cha oili. Kiwango kikiwa chini kabisa kwenye gari linalotangazwa sokoni, hiyo ni taarifa tosha kuhusu mwenyewe. Oili yenye povu la rangi ya chai ya maziwa, usiendelee, funga boneti na umshukuru.

Liwashe. Mwenzako asimame nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mvuke mweupe wa dakika chache kwenye baridi ya Njombe ni kawaida, lakini ukiendelea kutoka injini ikishapata moto, na maji kwenye rejeta yanapungua, hedi gasketi inaomba msaada.

Hatua ya tatu ndiyo inayoamua kwenye EJ25, nayo iko chini ya gari. Lazima lipandishwe, iwe kwenye shimo la gereji au kwenye lifti. Anayekwambia "hakuna haja, injini ni safi" mjibu kwamba wewe unataka kuona. Injini hii silinda zake zimelala, mbili kushoto na mbili kulia, kwa hiyo maji na oili hutulia ukingo wa chini. Fuatisha tochi yangu. Hiki cha pembeni kabisa ni kifuniko cha valvu. Gasketi yake ikichoka, oili inadondokea ekzosi na unasikia harufu ya kuungua ukisimama kwenye foleni. Hiyo ni kazi ndogo, isikutishe. Sasa ingia ndani kidogo, pale kichwa cha injini kinapokutana na bloku. Mstari huu uwe mkavu. Ukiona umelowa oili, au una ukoko mweupe au wa kijani wa maji yaliyokauka, hedi gasketi imeanza kuvuja kwa nje. Gari linaweza kutembea hivyo muda mrefu bila sindano ya joto kupanda, na ndiyo maana wengi huuziwa bila kujua. Mafundi wengi huishusha injini nzima ili kuifanya kazi hii vizuri, kwa hiyo bei yake si ya kuchukulia juujuu. Angalia pande zote mbili. Na kama injini imeoshwa iking'aa kama sufuria mpya, liendeshe nusu saa kisha ulirudishe shimoni.

Kuhusu mkanda wa taimingi, muda wake ni takriban kilomita 100,000. Ukikatika kwenye EJ25, valvu zinagongana na pistoni na injini inaharibika. Uliza risiti. Risiti nzuri itaonyesha mkanda, roli zake, kikaza mkanda na pampu ya maji, maana vyote viko sehemu moja. Neno "nilibadilisha" bila karatasi lihesabu kama hakijabadilishwa, na gharama yake iingie kwenye mazungumzo ya bei.

Tukiwa bado chini, tazama kutu. Magari yaliyoishi Hokkaido na kaskazini mwa Japani yamepita miaka kwenye chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji. Gusa fremu inayobeba difu ya nyuma, mabomba ya breki, na ndani ya matao ya magurudumu. Kutu ya juujuu si neno. Kutu inayomeguka vipande ukigonga na bisibisi, liache. Hakikisha pia shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma ipo. Wapo wanaoichomoa ili kukwepa matengenezo, halafu gari linauzwa kwa jina la AWD likiwa linavuta mbele tu.

Hatua ya nne, matairi na jaribio la duara. Hapa naomba utulie, kwa sababu mfumo wa AWD wa Subaru hauna muda wa kupumzika. Mbele na nyuma vimeunganishwa wakati wote, na ndani ya gia boksi kuna klachi inayogawa nguvu. Tairi dogo huzunguka haraka kuliko kubwa. Ukiweka matairi mapya mbele na yaliyochakaa nyuma, ile klachi inafanya kazi kila mita unayotembea, hata kwenye lami kavu, mpaka inachoka. Subaru wanataka tofauti ya mzunguko kati ya tairi na tairi isizidi kama milimita 6. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kwenye kila tairi, andika. Saizi moja, chapa moja, uchakavu unaolingana. Ukikuta chapa tatu tofauti kwenye gari moja, hata kama yote ni mapya, mwenyewe hakujua ana gari gani. Kununua matairi mawili mawili, kama tulivyozoea, kwenye gari hili hakufai.

Ukishaliendesha likapata moto, litafutie uwanja wa saruji au lami kavu. Kata usukani hadi mwisho, achia breki, liache lizunguke taratibu bila kukanyaga mafuta. Fanya kulia, fanya kushoto. Gari lisilo na kasoro linateleza laini. Likiwa linajivuta, linashtuka, au linasimama kana kwamba breki ya mkono imeshikwa, ile klachi inang'ang'ania, na gia boksi inakwenda kufunguliwa. Kwenye baadhi ya otomatiki za gia nne kuna tundu la fyuzi lililoandikwa FWD, yaani kusukuma magurudumu ya mbele tu. Fyuzi ikiwekwa humo, mfumo wa nyuma unazimwa na jaribio hili linapita bila shida. Litafute tundu hilo, liwe tupu.

Barabarani sasa. Weka D, kisha R. Gari liitikie mara moja, bila kusubiri na bila kugonga. Kwa CVT sikiliza mlio mwembamba unaopanda na mwendo, na usikilizie mtetemo unapopunguza hadi kusimama. Muulize mwenyewe oili ya gia boksi ilibadilishwa lini na ni ipi. CVT hizi zina oili yake maalumu, na aliyemimina oili ya otomatiki ya kawaida amefupisha maisha yake. Mlio wa kunguruma unaobadilika ukikata kona mara nyingi ni beringi ya gurudumu, hilo linatengenezeka. Kisha ingia kwenye foleni, washa kiyoyozi, kaa robo saa na macho kwenye kipimo cha joto. Feni ziingie, sindano isisogee. Kama upo karibu na mlima, panda nao.

Ulizia pia kama gari limewahi kuvutwa. AWD haivutwi kwa kunyanyua magurudumu mawili na kuacha mawili yazunguke chini. Inabebwa yote juu ya lori. Safari fupi tu ya kuvutwa magurudumu mawili yakiwa chini inaweza kuunguza mfumo.

Mashine ya kusoma makosa ya kompyuta ya gari unganisha mwishoni. Isome kwa makini: gari lisilo na kosa lolote lakini kumbukumbu zake zote zimefutwa, limesafishwa kabla hujafika. Kwenye Subaru taa ya injini ikiwaka huambatana na taa nyingine za usalama, kwa hiyo mtu akikwambia taa zote hizo ni "sensa tu", mwombe namba ya kosa.

Karatasi sizikalii sana. Jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia, chasisi ilingane na kadi, na uangalie faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi. Kama gari lilikuja karibuni, omba karatasi ya mnada ya Japani na cheti cha kuliondoa kwenye usajili wa huko. Cheti hicho huwa na kilomita zilizoandikwa wakati wa ukaguzi. Zikiwa nyingi kuliko za kwenye dashibodi, mazungumzo yameisha. Herufi R kwenye karatasi ya mnada ina maana lilipata ajali likatengenezwa. Watazamaji wa Kenya, kwenu gari linaloingizwa halitakiwi kuzidi miaka 8. Kwetu Tanzania la zamani linaingia, ila linalipiwa ushuru wa uchakavu.

Uamuzi wangu huwa hivi. Mkanda hauna risiti, bushi zimechoka, kifuniko cha valvu kinavuja: hesabu gharama, punguza kwenye bei, nunua. Duara linashtuka, au maji na oili vimeonana: ondoka, hata bei ikishushwa mbele yako. Na nikipewa BP9 ya zamani yenye risiti za hedi gasketi na mkanda, dhidi ya BR9 inayong'aa isiyo na karatasi hata moja, nachukua BP9 bila kusita.

Ukishalinunua, usiondoke nalo moja kwa moja kwenda mkoani. Lipitishe kwa fundi: oili ya injini, ya gia boksi, ya difu ya nyuma, na maji ya rejeta, vyote vipya. Andika kilomita za siku hiyo kwenye daftari na uliweke ndani ya gari. Kwenye maoni niandikie herufi tatu za chasisi ya gari unaloangalia na mwaka wake, nitakujibu sehemu ya kuanzia.