Isomeni SQL Kwanza, ORM Baadaye

Wanaonijua hapa Lamu wanajua nitakalosema, na nitalisema tena, maana hata leo kabla sijakaa nimeshaulizwa: "Mwalimu, ORM gani ni bora?" Nami nauliza: ORM ni zana inayokuandikia SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata; SQL ambayo ORM yako inaipeleka huko umewahi kuisoma? Haya, naona watu wanaangalia simu.

Chukueni programu ya boti za Mokowe. Kuna jedwali la boti na jedwali la manahodha. Kijana ameandika kwa Django, fremuweki ya Python yenye ORM yake, ukurasa wa kuonyesha boti 200, kila moja na jina la nahodha wake. Msimbo mistari mitatu, unapendeza kweli. Kumbe chini kwa chini Django inauliza mara moja iletewe boti, halafu kwa kila boti inarudi kumuulizia nahodha. Maswali 201! Ni kumtuma mtoto dukani akalete chumvi, akifika umtume sukari, akifika umtume kiberiti. Kwenye kompyuta yake hakuhisi kitu, hifadhidata imo humo humo. Sasa seva iwe ofisini hapa, hifadhidata mmeikodi Ulaya, na tuseme kila swali na jibu lake ni milisekunde 150. Hizo ni sekunde 30 na ushei. Abiria atakuwa ashapanda boti ya mwenzenu.

Na dawa ni neno moja, select_related: majedwali yanaunganishwa kwa JOIN, swali linabaki moja. Lakini ataliandikaje asiyejua kwamba maswali ni 201?

Basi mimi kipimo changu ni hicho: zana inionyeshe inachouliza. SQLAlchemy, ORM nyingine ya Python, ukiiwekea echo=True inakuchapishia kila SQL inayoipeleka, na chini yake ipo Core kwa anayetaka kukaa karibu na SQL. Hibernate, ORM ya Java, nayo ina show_sql. Iwasheni, maana uhusiano wa ManyToOne (kama boti nyingi kwa nahodha mmoja) kwa kanuni za JPA, yaani kanuni za ORM za Java, huletwa papo hapo hata kama hukuuagiza.

Najua yupo atakayesema, "ORM itatusaidia siku tukihama hifadhidata ya MySQL kwenda ya PostgreSQL." Mtahama lini? Wateja wenu wanalia ukurasa haufunguki, ninyi mnapanga safari! Mwingine atasema SQL ni ya wazee. Ndiyo, ilianzia IBM miaka ya 1970. Niambieni fremuweki mliyoianza mwaka juzi bado mnaitumia.

Sisemi muache ORM. Kuingiza abiria mmoja, kumhariri, kumfuta, nani anataka kuandika INSERT mchana kutwa? Ila ripoti ya mapato ya mwezi iandikeni SQL kwa mkono, na zana isiyowaruhusu hivyo msiichukue.

Kuhusu kubadilisha muundo wa majedwali nilikuwa na mengi, lakini adhana imekaribia. La haraka: faili la mabadiliko lililotungwa na zana lisomwe kabla ya kuendeshwa, hasa likiwa na DROP, amri ya kufuta. Mwenye kompyuta aifungue, tuhesabu maswali ya ukurasa wake wa kwanza.