Boston: Wanawake Walioanikwa Hadharani

Hamjambo nyote, karibuni tena. Leo niko Boston, mbele ya jengo la serikali ya jimbo la Massachusetts. Mtazameni huyu mama nyuma yangu: ameketi, mikono mapajani, kichwa kimeinama kidogo. Ni Mary Dyer. Nyinyi wa Kanisa la Marafiki kule Kaimosi na Vihiga, huyu ni wa kwenu. Alinyongwa mji huu tarehe 1 Juni 1660 kwa kuwa alikuwa Quaker, yaani mmoja wa Marafiki, na akakataa kukaa mbali alipofukuzwa.

Kifo chake kinajulikana. Mimi nataka tuzungumzie aibu waliyompaka miaka ishirini na zaidi kabla ya hapo, maana walijua kuitumia.

Waliomnyonga ni Wapuritani, Waingereza walioanza kumiminika hapa mwaka 1630 wakitaka kujenga jamii inayomcha Mungu kwa kila kitu. Mwenye haki ya kupiga kura alikuwa mwanamume aliyekubaliwa kanisani, kwa hiyo mkosaji wa kanisa na mkosaji wa serikali alikuwa karibu mtu yule yule.

Mwaka 1637 Mary alijifungua mtoto mfu mwenye kilema. Mtoto akazikwa kimya kimya, na mchungaji John Cotton alijua. Machi 1638 rafiki wa Mary, Anne Hutchinson, akafukuzwa kanisani. Anne alikuwa akieleza mahubiri na Biblia nyumbani kwake, hata wanaume wakaja kumsikiliza, na aliwakosoa wachungaji bila kupepesa macho. Alipotoka nje siku ile, Mary aliinuka, akatoka naye. Mtu akauliza, yule ni nani? Akajibiwa: ni yule aliyezaa zimwi.

Basi umbea ukafika kwa gavana John Winthrop, na kaburi likafukuliwa. Zaidi ya watu mia moja walikwenda kuutazama mwili wa mtoto mchanga aliyekaa udongoni miezi mitano. Halafu Winthrop akaandika habari zake, pembe na kucha, zikasomwa hadi Uingereza kuwa ni ushahidi wa hasira ya Mungu juu ya mama yake. Mimi nimezaa. Kila nikifika sehemu hii moyo unaniuma, kwa sababu mama huyu hakuwa na kosa lolote hapo. Alifiwa tu.

Oktoba 1659 wakampandisha kwenye mti wa kunyongea, kamba shingoni, uso umefunikwa, wanaume wawili walioshtakiwa pamoja naye wameshakufa mbele yake. Ndipo msamaha ukasomwa. Sasa sikilizeni: baraza lilikuwa limeshaamua kumsamehe kabla hajatolewa gerezani. Walitaka asimame pale, aonekane. Aliporudi Boston mwaka uliofuata, hawakumsamehe tena.

Kuna ndugu ataniuliza, dada, kwani wanaume hawakuadhibiwa? Waliadhibiwa, tena vikali. Lakini tazameni sheria ya uzinzi ilivyopimwa. Mke wa mtu akikutwa na mwanamume yeyote, wote wawili ni wazinzi. Mume wa mtu akikutwa na msichana asiyeolewa wala kuposwa, hilo liliitwa uasherati, na adhabu yake ilikuwa nyepesi zaidi. Koloni la Plymouth mwaka 1658 liliagiza wazinzi washonewe herufi AD, za neno la Kiingereza adultery, yaani uzinzi, kwenye nguo, mkononi au mgongoni, na ukikutwa bila herufi zako, viboko. Massachusetts mwaka 1694 ikaja na herufi A, urefu wa inchi mbili, ya rangi tofauti na nguo ili isimpotee mtu yeyote machoni. Unakwenda nayo kisimani, unakwenda nayo ibadani. Na msichana aliyepata mimba nje ya ndoa, mkunga alimbana ataje jina la baba katikati ya uchungu.

Kisa ambacho sikitoi akilini ni cha Desemba 1662. Wanawake watatu wa Kiquaker, Anne Coleman, Mary Tomkins na Alice Ambrose, walihubiri Dover, ambayo leo iko New Hampshire. Hakimu Richard Waldron akaandika hati: wafungwe nyuma ya mkokoteni, wavuliwe nguo mpaka kiunoni, wachapwe viboko 10 kila mmoja katika kila mji, miji 11, toka Dover hadi Dedham. Viboko 110 kwa kila mama, wakitembea kwenye theluji.

Hebu fikirini mpango ule ulihitaji nini. Hakimu mmoja hawezi. Kila mji lazima utoe konstebo wa kuwapokea, mtu wa kushika kiboko, na majirani wa kutoka nje kutazama. Dover walitoa. Hampton walitoa. Salisbury pia walichapwa, lakini hapo akatokea Walter Barefoot, aliyekuwa tabibu. Akaichukua ile hati kwa konstebo, akidai yeye ndiye atakayewafikisha mji unaofuata. Hakuwafikisha. Aliwatibu majeraha, akawaondoa mikononi mwa makonstebo, na miji minane iliyobaki kwenye karatasi ya Waldron haikuwaona kamwe.

Wale akina mama wakarudi Dover, wakahubiri tena, na Marafiki wakawa wengi palepale.