Tuchore vimulimuli wa bonde letu

Asalaam alaykum, karibuni. Leo tunachora bonde la mpunga usiku, hapa kwetu Pemba, pamoja na vimulimuli wake. Ubao ushapigwa msasa na kupakwa nyeusi yenye buluu kidogo. Hilo mnalijua, tusikae hapo. Asiyetaka kuuandaa, ninazo mbao ndogo tayari, naziuza, niandikieni.

Kabla ya brashi, kamuulize bibi au babu: vimulimuli mlikuwa mkiwaona wapi? Kwenye tuta? Chini ya mikarafuu? Kila anapopataja, tia alama ndogo ya chaki. Usibuni. Mimi nukta zilizomwagwa ovyo kwa ajili ya kupendeza tu sizitaki kabisa. Hapa tunachora kumbukumbu za watu.

Sasa ukungu wa mwanga, ule unaomzunguka kimulimuli, penye kila alama ya chaki. Manjano, na tone la kijani. Nyekundu usitie, maana mwanga wa kimulimuli hauna joto, usiuchore kama moto. Brashi iwe kavu! Ifute kwenye kitambaa mpaka ibakishe vumbi la rangi, kisha zungusha taratibu… Ngojeni, kivuli cha mkono kimeziba. Nasogeza taa. Haya, mnaona?

Simameni hapo hapo. Kiini, ile nukta ing'aayo katikati ya ukungu, bado! Gusa ukungu kwa nyuma ya kidole. Ukihisi ubaridi, haujakauka. Rangi mbichi ikikutana na nyeupe, yote hugeuka tope, na ule weusi wa usiku haurudi tena. Nimeona kazi nzuri nyingi zikifia hapa. Narudia: ukungu ukauke, ndipo kiini. Ukauke, jamani.

Wangu umekauka. Kwa ncha ya kijiti, nukta moja tu, manjano inayokaribia weupe. Dume huruka akiwaka, na jike mara nyingi hukaa chini majanini akimjibu, kwa hivyo nukta nyengine zishushe kwenye mpunga.

Upande huu nimechora taa ya barabarani. Mwanga wake hufunika ishara zao, dume na jike hawaonani. Na hapa bonde limefukiwa pakajengwa. Funza wa kimulimuli, anayekula konokono kwenye udongo wenye unyevu, hana tena pa kukaa. Sehemu hizi acha ukungu mtupu, bila kiini. Nakuombeni msizijaze, hata mchoro ukionekana haujakwisha. Mtoto akiuliza mbona hizi haziwaki, mtajie jina la mahali penyewe, umwambie kilichotokea.

Vanishi ipake kesho, nyembamba. Na nyuma ya ubao andika jina la aliyekusimulia na jina la bonde lake.