Kilo saba: kuhama kutoka mota kubwa kwenda baiskeli nyepesi

BARAKA: Karibuni tena kwenye kipindi. Leo nina hamu ya kumhoji mwenzangu mwenyewe. Da Zuhura, huu ni mwezi wa tatu tangu ubadilishe baiskeli yako ya umeme ya milimani. Uliyoiacha ilikuwa na mota ya nyutonimita 85, yaani kipimo cha nguvu ya kusokota, na betri ya wati-saa 750, yaani kiasi cha umeme inachobeba. Unayoendesha sasa ina nyutonimita 50 na betri ya 320. Watu wanakimbilia nguvu zaidi, wewe umechukua pungufu. Si umerudi nyuma?

ZUHURA: Ndivyo wengi wanavyoliona, na mimi nililiona hivyo mwaka mzima kabla sijaamua. Asante kwa kuniuliza waziwazi. Ile ya kwanza niliipenda sana. Ilinipandisha milima ambayo nilikuwa nimeshaisamehe. Hata leo sina baya la kuisema kwenye kupanda.

BARAKA: Sasa kilichokusukuma ni nini?

ZUHURA: Mti. Siku moja baada ya mvua nilikuta mti umelala kukata kijia, shina lake kama usawa wa kiuno, kushoto korongo, kulia miiba. Niko peke yangu na baiskeli ya kilo 24, saba zaidi ya hii ya sasa. Nikajaribu kuinyanyua, ikafika nusu, ikanirudia kifuani. Nikapumzika, nikajaribu tena, mgongo ukakataa. Nikageuza, nikarudi njia niliyotoka. Njia nzima nikajiuliza: hivi hiki chombo ni changu kweli, kama siwezi kukinyanyua?

BARAKA: Hilo naomba tulikalie kidogo. Yangu nayo ni ya aina hiyo, na kusema kweli sijawahi kuhisi ni nzito nikiwa juu yake.

ZUHURA: Huwezi kuhisi, kwa sababu mota inakufichia. Ukipanda, kilo saba za ziada analipa yeye. Chukua mfano: mwendeshaji, mavazi, maji na baiskeli nyepesi, jumla kilo 100. Kuinua kilo 100 mita 1,000 kunahitaji wati-saa 272, kabla hujahesabu msuguano wa tairi na joto linalopotea ndani ya mota. Weka baiskeli nzito, jumla iwe 107. Inakuwa wati-saa 291. Tofauti ni 19 tu! Kwa betri ya 750 hiyo ni kama tone. Kwa hiyo mtu anayekwambia nunua nyepesi ili upande vizuri, hajafanya hesabu.

BARAKA: Basi uzito unauma wapi?

ZUHURA: Pale mota inapokuwa haina la kufanya. Kwenye kona. Kwenye breki. Kwenye kuruka. Kwenye kubeba. Kijia kikikunja kushoto halafu papo hapo kulia, ile nzito inataka uiambie mapema, uivute kwa mabega, na ikishalala upande mmoja hairudi haraka. Hii ya kilo 17 unaitazamisha tu, imeshakwenda. Mara ya kwanza nilipoazimwa nyepesi na rafiki yangu, nilishuka njia ninayoijua kama kiganja cha mkono wangu. Kuna mzizi pale katikati ambao miaka miwili nimekuwa nikiukanyaga kwa sababu gurudumu la mbele halikuwa linanyanyuka kwa wakati. Siku ile nikavuta hendeli kwa mazoea yangu yaleyale, gurudumu likaja juu mno, nusura nianguke chali. Nikasimama pale nikacheka peke yangu kama mtoto.

BARAKA: Nakumbuka ulinipigia simu.

ZUHURA: Nilikupigia nikiwa bado nahema! Nilikuwa nimesahau kwamba baiskeli inaruka.

BARAKA: Kwa wasikilizaji ambao hili ni jipya kwao, tuseme kidogo hizi nyepesi zilitoka wapi. Mwaka 2020 kampuni ya baiskeli ya Specialized walitoa Turbo Levo SL, mota ya nyutonimita 35 na wati 240, betri 320. Mwaka huohuo Orbea wakaleta Rise, wao wakachukua mota ya Shimano EP8 wakaishusha kutoka 85 hadi 60. Mwaka 2022 Trek wakaja na Fuel EXe yenye mota ya TQ, nyutonimita 50, kilo 1.85 tu, na sauti yake ndogo sana. Kisha 2023 Bosch wakatoa mota ya Performance Line SX, nyutonimita 55.

ZUHURA: Na hapo kuna jambo linawachanganya watu. Ukisoma kibandiko cha baiskeli za Ulaya, zote zimeandikwa wati 250, kubwa na ndogo. Mtu anauliza, sasa tofauti iko wapi? Ile 250 ni kipimo cha kisheria cha nguvu ambayo mota inaweza kuitoa mfululizo. Kilele chake ni habari nyingine, kinaweza kufika 600 na zaidi. Sheria ileile inazima msaada wa mota ukifika kilomita 25 kwa saa. Marekani, kwenye daraja la kwanza la baiskeli za umeme, ni maili 20, yaani kama 32.

BARAKA: Kwenye kilele ndipo nataka nikubane. Hiyo SX nayo inafika wati 600. Mbona basi tunaiita ndogo?

ZUHURA: Swali zuri sana hilo, na ndilo lililonitesa wiki mbili za mwanzo. Mota hizi ndogo zinatoa nguvu yake ukiwa unazungusha miguu haraka. Kubwa ina nyutonimita za kukusukuma hata ukiwa kwenye gia nzito, miguu inakwenda polepole, mizunguko 60 kwa dakika. Nami ndivyo nilivyozoea. Nikapeleka tabia hiyo kwenye nyepesi: gia nzito, msaada umewekwa juu kabisa, nakanyaga kwa uvivu. Mota ikawa kama haipo, betri inashuka, mapaja yanawaka. Nikarudi nyumbani nimekasirika, nikasema nimedanganywa.

BARAKA: Ukafanyaje?

ZUHURA: Nikashusha gia mbili, nikapeleka miguu kwenye mizunguko 80, 85. Baiskeli ikabadilika palepale. Nilimwona yule mota kwa mara ya kwanza. Sasa naianza milima nikiwa nimeshashuka gia, kama nilivyofanya enzi za baiskeli isiyo na umeme. Mtu akiazima nyepesi kwa dakika kumi akaendesha kama anavyoendesha kubwa, ataichukia, na atakuwa ameionea.

BARAKA: Tuje kwenye hofu ya wengi. Betri 320 dhidi ya 750. Ni chini ya nusu. Safari nayo imekatika nusu?

ZUHURA: Hapana, na hili lilinishangaza kuliko yote. Rudi kwenye zile wati-saa 272 za mita 1,000. Kwenye ile kubwa nilikuwa nachangia kidogo, labda robo, zilizobaki zote mota. Kwenye hii nachangia nusu bila hata kujilazimisha, kwa sababu yenyewe haina za kunipa zaidi. Mota inabaki na 136, ongeza upotevu, betri inatoka na kama 180. Kwa hiyo mita 1,000 naipata na chenji inabaki. Mita 1,500 naipata kwa kubana. Zaidi ya hapo nachukua betri ya ziada, ile inayokaa kwenye kishikio cha chupa ya maji, wati-saa 160.

BARAKA: Ila hapo umelipa kwa miguu.

ZUHURA: Nimelipa kwa miguu, kabisa. Sitaki mtu anunue akidhani atafika juu amekauka kama zamani. Mapigo ya moyo yangu kwenye mlima uleule yamepanda. Nikifika juu nahema, nakaa kwenye jiwe, nakunywa maji. Mimi hicho ndicho nilichokitaka, nilikuwa nimekikosa. Mwingine hakitaki, na ana haki.

BARAKA: Na sisi wengine tuliobaki na mota kubwa? Maana Jumamosi ile ulikuja na sisi watatu wa 85.

ZUHURA: Ilikuwa mbaya.

BARAKA: Sema tu.

ZUHURA: Ilikuwa mbaya, Baraka. Mlikuwa mnapanda kwa kilomita 15 kwa saa mnapiga soga. Mimi niko kwenye 10, ulimi nje, na msaada wote umewashwa. Nikiwafikia mlipopumzika, ninyi mmeshapumzika, mnaondoka. Betri yangu iliisha kabla ya kilima cha mwisho. Nilisukuma.

BARAKA: Nisamehe kwa siku ile, dada. Sikujua kwamba hali ni hiyo.

ZUHURA: Yamekwisha, na tangu mlipoanza kuendesha kwenye kiwango cha chini cha msaada tunakwenda sawa. Lakini nalisema kwa uzito: kabla hujanunua nyepesi, angalia unaendesha na nani. Kama kundi lako lote lina mota kubwa na halipendi kushusha msaada, utaumia kila wiki. Kama marafiki zako wana baiskeli za kawaida, nyepesi ndiyo inayokaa nao vizuri. Kubwa inakufanya uwangoje kila kona.

BARAKA: Kuna kitu ambacho ile nzito ilikupa kwenye mteremko na sasa hunacho?

ZUHURA: Kipo. Mawe. Mteremko ulionyooka, umejaa mawe makubwa, kwa kasi. Ile nzito ilikuwa inalala chini kama gari moshi. Mota na betri viko katikati, chini, vinatulia. Magurudumu yanapanda na kushuka kufuata mawe, fremu haitikisiki. Inahusu uwiano: sehemu iliyobebwa na shokapu ikiwa nzito kuliko magurudumu, shokapu hufanya kazi yake kwa raha. Baiskeli ikiwa nyepesi, inalisikia kila jiwe. Mara ya kwanza nilirushwarushwa mpaka mikono ikafa ganzi.

BARAKA: Ulibadilisha shokapu?

ZUHURA: Nilibadilisha upepo wa ndani yake tu. Fundi alikuwa amejaza kwa kufuata uzito wangu peke yake, ikawa ngumu. Nilipunguza kidogo kidogo, nikapima kila mara shokapu inashuka kiasi gani nikikaa, hadi ya nyuma ikashuka karibu theluthi moja. Pia nikapunguza kasi ya shokapu kurudi juu, kwa sababu ilikuwa inanipiga mateke. Kwa mawe sasa niko sawa, sijafika pale nilipokuwa na ile nzito. Hapo imenishinda na nakiri.

BARAKA: Na matairi? Maana najua wauzaji wengine hutoa baiskeli hizi na tairi laini ili mizani isome vizuri.

ZUHURA: Nilizitoa wiki ya kwanza. Nikaweka zenye ukuta mgumu, nikaongeza kama nusu kilo kwa jumla. Kupunguza uzito kwenye tairi ni kujinyima mahali pabaya kabisa.

BARAKA: Na mnyororo?

ZUHURA: Unadumu. Nyutonimita 85 juu ya miguu yako zinautafuna mnyororo na sproketi, hilo kila fundi atakwambia. La kuangalia zaidi ni kuchaji. Baadhi ya nyepesi betri imefungwa ndani ya fremu, haitoki hivihivi. Inabidi baiskeli nzima ifike kwenye umeme. Kama unaishi ghorofani bila lifti, uliza kabla ya kulipa.

BARAKA: Nikuulize la mwisho kubwa. Mwaka 2024 kampuni ya DJI walileta mota ya Avinox, nyutonimita 105, chini kidogo ya kilo 2.6, na baiskeli ya Amflow iliyokuja nayo ina uzito wa karibu kilo 19 tu. Mota kubwa, uzito mdogo. Hujajuta kuwahi?

ZUHURA: Nimeifikiria sana. Ule mpaka kati ya aina mbili unafutika, na nafurahi. Kwa mtu mwenye mwili mzito, au aliyetoka kwenye ugonjwa, au anayetaka kushuka mara sita kwa siku moja, ningemwambia achukue nguvu kubwa kwenye uzito huo bila kusita. Lakini kwangu mimi, zile 50 zimenirudishia kitu ambacho 105 zingekichukua tena. Najijua. Ningeweka msaada juu na kuacha kukanyaga.

BARAKA: Na ule mti?

ZUHURA: Bado upo, haujaondolewa. Wiki iliyopita nilipita. Nikashika fremu kwa mkono mmoja na siti kwa mwingine, nikapandisha gurudumu la mbele juu ya shina, nikasukuma, ikaangukia upande wa pili. Kijia kinaendelea kama kilomita mbili baada ya pale, Baraka. Kinateremka hadi mtoni. Sikuwahi kukiona.

BARAKA: Jumapili unipeleke. Nitaiacha yangu kwenye kiwango cha chini.

ZUHURA: Njoo na mtu wa tatu, basi. Yako itahitaji watu wa kuinyanyua.