Kopo la unga halitakukinga na kiharusi

Shikamooni wazee wangu, na ninyi vijana hamjambo. Nimeitwa niongelee vyakula vinavyolinda ubongo, na naona mama mmoja pale mbele ameshatoa daftari. Basi aandike kwanza: mchicha, mnafu, maembe, parachichi, karanga. Hivyo vileni kila siku. Yanayobaki nimeshayasema Hai, nimeyasema Marangu, na bado makopo yananunuliwa.

Makopo ninayoyasema ni yale ya unga wa zambarau, yameandikwa ubavuni kwamba yana antioksidanti za kuzuia kiharusi. Nilimtembelea bibi mmoja Old Moshi. Kopo liko juu ya kabati, limefunikwa kitambaa, kijiko ndani. Vidonge vya presha viko kwenye droo, pakiti haijafunguliwa. Nikampima: 190 kwa 110! Muuzaji alimwambia unga ule unasafisha mishipa, vidonge aviache. Na fedha ya kopo ni ya kahawa yake, ya msimu mzima. Wazee wangu, hilo linaniuma.

Najua kuna atakayesema, lakini daktari, hata sayansi inazikubali antioksidanti. Inazikubali, ndiyo, ila tuisikilize hadi mwisho. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Bonge la damu likiziba mshipa, seli zinaanza kufa ndani ya dakika chache. Damu ikirudi, oksijeni inaingia kwa kishindo na kuzalisha radikali huru, yaani chembechembe zenye madhara, nazo zinaharibu hata seli zilizokuwa zimenusurika. Antioksidanti kazi yake ni kuzizima. Panya wa maabara waliolishwa spinachi au bluberi kabla ya mshipa kuzibwa, ubongo wao uliharibika kidogo kuliko wenzao. Muuzaji anaishia hapo kwa panya. Mimi nawaletea habari za watu. Dawa iliyoitwa NXY-059, iliyotengenezwa kwa kazi hiyohiyo, ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 3,000, na mwaka 2007 yakachapishwa matokeo kwamba haisaidii. Mwaka 2008 yakatoka matokeo ya madaktari wanaume wa Marekani, zaidi ya 14,000, waliofuatiliwa kwa miaka, wengine wakimeza vitamini E au C, ambazo nazo ni antioksidanti. Kiharusi hakikupungua. Tena kwa waliomeza vitamini E, kile cha mshipa kupasuka kiliongezeka.

Sasa msiende nyumbani mkasema daktari kakataza mboga! Mboga ina potasiamu, na potasiamu inasaidia kushusha presha, na presha ndiyo inayoongoza kwa kuleta kiharusi. Lakini tunazipikaje? Mchicha unakatwa, ndipo unaoshwa, unachemshwa mpaka unalegea, unakamuliwa, yale maji ya kijani yanamwagwa uani. Vitamini C na potasiamu nyingi vimekwenda na maji. Kisha chumvi, kisha kiungo cha mchuzi, na kwenye maharage magadi. Magadi ya Ziwa Natron nayo ni sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi na inayopandisha presha, na yanaua vitamini C. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa mtu kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyokwisha kuwamo kwenye mkate. Osheni mboga kabla ya kukata, maji yawe kidogo, moto muda mfupi.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Sigara na pombe tutaziongelea siku nyingine. Hili siliachi: mdomo ukipinda, mkono ukalegea ghafla, maneno yakawa hayaeleweki, ni hospitali saa ileile. Msimpe uji, utampalia. Msisubiri kupambazuke, wala msianzie kwa mganga. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, tena baada ya kipimo cha kichwa, kwa hiyo kumbukeni dalili zilianza saa ngapi.

Mashine za presha ziko mezani pale mlangoni. Wazee watangulie, na mwenye kopo nyumbani aje tuongee.